Mtoto wa Meza

Siku ya sita tangu yule mtu aje kwetu na kujiita kaka yangu, nilikuwa bado sijampa shikamoo.

Vitu vingine vyote nilikuwa nimempa. Nilimpa kitanda changu, nikahamia kwenye godoro la sebuleni, ambalo ukilala chali springi zake zinakuhoji mgongoni kama askari. Nilimpa taulo langu zuri. Lakini kila asubuhi akitoka chumbani huku akipiga miayo, mimi nilimwambia "Habari za asubuhi" kwa sauti ya karani wa benki, naye akajibu "Nzuri," na mama aliyekuwa jikoni akagonga sufuria kwa mwiko kama hakimu.

"Huyu ni kaka yako, Mziwanda. Kakupita miaka minane. Hiyo shikamoo inakukwama wapi?"

"Kooni, mama."

"Basi kunywa chai iteremke."

Mziwanda ni mimi. Nilizaliwa wa mwisho, na katika nyumba yenye watoto wawili tu hicho si cheo kikubwa, lakini nilikishika kwa mikono miwili. Kaka aliondoka nikiwa na miaka minne. Mjomba, ndugu yake mama, alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, akasema huko anakoishi kuna shule nzuri, niachieni kijana nimsomeshe. Barua zilikuja miaka miwili. Ya mwisho tuliyotuma ilirudi na mhuri, kisha tukasikia mjomba kafa barabarani, na kuhusu mtoto hakuna aliyejua lolote. Baba alisafiri mara tatu kumtafuta, akarudi mara tatu peke yake. Mama alitunza sweta la shule la kaka kabatini. Nondo walilila mpaka wakalimaliza, mama akaendelea kutunza matundu.

Imepita miaka kumi na tisa. Mwanamume ana begi begani, anagonga geti, anasema, "Mama, ni mimi." Mama hakuuliza swali hata moja. Alipiga yowe, akamkumbatia, na tangu siku hiyo alikuwa akiimba akiosha vyombo.

Mimi ndiye niliyebaki na maswali. Huyo mtu alijua jina la mwalimu wake wa darasa la nne. Sawa, hata mimi nalijua, na hakuwahi kunifundisha. Alijua kwamba baba alikuwa fundi seremala. Ajabu! Kibao kiko mlangoni, herufi kubwa kama tangazo la dawa ya meno. Tulipomuuliza alikuwa wapi, alisema alilelewa na familia nyingine, akahamishwa huku na kule, jina la mtaa wetu likampotea kichwani, akalikumbuka siku moja aliposikia mtu akilitaja dukani. Hadithi nzuri. Ningekuwa tapeli ningetunga hiyo hiyo.

Na Jumapili mama alikuwa amewaita ndugu wote waje kula. Alitaka kusimama mbele yao aseme mwanangu amerudi. Nilimjua mama yangu. Baba alipofariki, miaka mitatu iliyopita, alikaa miezi hatoki chumbani. Ukimpa mtoto, ukamsimamisha naye mbele za watu, halafu umpokonye tena, hapo hatanyanyuka. Kama yule mtu alikuwa mwongo, ilibidi nijue kabla ya Jumapili. Na njia ya kujua nilikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya meza ya baba.

Karakana yetu ni chumba cha mbele. Zamani ilikuwa ya baba, sasa ni yangu. Natengeneza stuli, makabati, milango, na kwa wanaotaka mkopo natengeneza sababu za kukataa. Katikati kuna meza ya kazi ambayo baba aliiunda humo humo ndani, na alipomaliza akagundua haipiti mlangoni. Watu walimcheka mpaka akafa. Yeye alisema meza haijakosea, mlango ndio uliokosea. Ni nzito, miguu yake minene kama ya mtu aliyekula vizuri, na usiku na mchana inalia, ko, kwi, ko. Baba alikuwa akisema ni mbao zinajinyoosha.

Meza hiyo ina droo moja, ndefu, inayofungwa kwa ufunguo. Baba hakuwahi kuiita droo. Kwake, kama kwa mafundi wote wa zamani, ile ilikuwa mtoto wa meza. "Nipe penseli, iko kwenye mtoto wa meza." "Funga mtoto wa meza, vumbi linaingia." Na ndani ya huyo mtoto wa meza, chini ya misasa na bawaba mbovu, ndimo tulimoweka ludo.

Baba aliitengeneza mwenyewe. Ubao ni plaiwudi, rangi nne alizobakiza kwenye kazi za watu, kete kumi na sita alizochonga kutoka kwenye mpini wa jembe. Na dadu. Hiyo dadu ndiyo siri ya nyumba yetu. Baba aliichonga kwa mti mgumu, akawa anatoboa vidoti huku akibishana na mteja, na alipomaliza ikawa ina moja pande mbili na sita hakuna. Kila mahali duniani watu wanasubiri sita ili kete itoke nje. Kwetu sita haikuwepo, ungesubiri mpaka uote mvi. Kwa hiyo tukatunga sheria yetu: unatoka na moja. Mtu yeyote wa nje hawezi kujua hilo. Si jambo la kusikia dukani.

Na mimi nilikumbuka vizuri sana kuicheza na kaka. Hiyo ndiyo kumbukumbu pekee niliyokuwa nayo juu yake. Tulicheza mchana, baba akiwa amelala na mama yuko uani, chini ya ile meza, kwenye maranda ya mbao, mahali penye ubaridi. Mimi nilikuwa nyekundu, yeye njano. Kabla ya kurusha dadu aliigonga ubaoni mara mbili, ko, ko. Ikitokea moja alisema kwa sauti ndogo ya furaha, "Moja, natoka!" Tulikuwa na makubaliano yetu ya kitoto: atakayefikisha kete zote nne nyumbani wa kwanza, huyo anatoka nje kwenda kula, mwingine anabaki chini ya meza mpaka aitwe. Sikumbuki kama kuna mchezo uliowahi kuisha. Kila siku mama aliniita kabla. "Mziwanda! Njoo ule!" Nami nikatambaa kutoka, mwenzangu akabaki na dadu mkononi.

Basi Jumamosi saa nane mchana, mama alipokwenda kwa jirani yetu fundi cherehani kujaribu gauni la kesho, nilimwita yule mtu karakana.

"Unacheza ludo?"

Uso wake ulifunguka. "Ya baba? Bado ipo?"

"Ipo," nikasema, nikachukua ufunguo kwenye msumari.

Sikuwa nimemfungua mtoto wa meza tangu baba afariki. Aligoma kidogo, kisha akatoka kwa ulaini, kana kwamba mtu amepaka sabuni kwenye reli zake. Ikanijia harufu ya mbao mbichi, zilizorandwa leo. Ndani mlikuwa na maranda meupe, mapya. Nikajiambia panya. Panya gani anaranda mbao, hilo sikujiuliza, nilikuwa na shughuli.

Nikaweka ubao juu ya meza. Nikampa njano.

"Mimi nilikuwa bluu," akasema.

*Kosa la kwanza hilo*, nikajiambia. "Chukua njano leo."

"Haya bwana, nyumba yako." Lakini mkono wake ulikwenda ukachukua kete moja ya bluu, akawa anaichezea vidoleni huku akinisubiri. Nilirusha mimi kwanza, nikapata tatu. Akarusha yeye. Dadu ikazunguka, ikatulia. Moja.

Nikasubiri.

Akanisogezea dadu. "Zamu yako."

"Umepata moja."

"Nimeona."

"Si utoke?"

"Nitoke kwa moja?" Akacheka. "Tangu lini watu wakatoka kwa moja? Mnacheza ludo ya wapi hii?" Akaiokota dadu, akaigeuza upande kwa upande. "Sita iko wapi? Hii imechongwa na mlevi?"

"Imechongwa na baba!" Nilisimama mpaka stuli ikaanguka. "Kwetu tunatoka na moja! Siku zote! Ukipata moja unafanya hivi!" Nikaikamata kete ya njano kwa hasira, nikaitoa kwenye kibanda chake, nikaigongesha kwenye mraba wa kutokea. "Hivi! Kaka yangu anajua. Nimecheza naye hapa hapa chini, mara mia. Wewe si kaka yangu. Sijui umetumwa na nani, ila begi lako liko chumbani, na mama akirudi nataka asikukute."

Alikuwa ameiweka ile kete ya bluu mdomoni, katikati ya meno ya upande, anaitafuna taratibu kama mtoto anayesemwa na mwalimu.

"Mwache atafune," sauti ya mama ikasema nyuma yangu. Alikuwa mlangoni, gauni jipya mkononi. "Alikuwa akizitafuna zote. Baba yake alimchapa kwa ajili hiyo, na hakuacha. Mziwanda, angalia hizo kete."

Niliangalia. Nyekundu zilikuwa laini, kijani laini, njano laini. Za bluu, zote nne, zilikuwa na alama za meno kichwani. Nilikuwa nimeziona maisha yangu yote, nikadhani ni panya. Katika nyumba yetu panya wamesingiziwa mengi.

"Mama, hajui kutoka na moja!"

"Atajuaje? Dadu yao yeye na baba yako ilikuwa ya dukani, nyeupe, ina sita kama za watu. Wewe ndiye uliyeimeza."

"Najua niliimeza. Kila mtu ananitania. Lakini nilikuwa mtoto mchanga, kaka alikuwepo..."

"Mtoto mchanga gani? Ulikuwa na miaka saba, jitu zima. Uliificha shavuni ili umwibie baba yako mchezo, ukacheka, ikashuka. Siku mbili tunakulinda na ndoo. Ndipo akachonga hii. Geuza ubao kama unabisha."

Baba alikuwa na tabia moja: kila alichotengeneza alikiandika tarehe chini yake kwa penseli ya fundi. Stuli, kabati, hata kiti cha choo. Alisema mdomo wa fundi unadanganya, penseli yake haidanganyi. Yule mtu aliunyanyua ubao upande mmoja, kwa uangalifu, kete zisiteleze, nami nikainama kusoma. Kulikuwa na maandishi mawili. La kwanza tarehe ya ubao, la zamani. La pili: *Dadu nyingine, ya kwanza imemezwa.* Na mwezi, na mwaka. Ule ulikuwa mwaka nilioanza darasa la kwanza. Kaka alikuwa ameshaondoka miaka mitatu.

Nilikaa sakafuni, maana stuli nilikuwa nimeiangusha.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

Kaka alitoa kete mdomoni. "Marahaba, mdogo wangu." Akaipangusa kwenye suruali. "Ungeniuliza tu kuhusu meno, tungemaliza siku ya kwanza."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa gauni. Nami nilikuwa karibu kucheka, kicheko kimefika hapa, ndipo swali likanipita kichwani, nikalitamka kabla sijalipima.

"Sasa mimi nilikuwa nacheza na nani?"

"Wapi?"

"Hapa chini. Na hii dadu. Mchana, baba amelala. Mtu alikuwa njano. Alikuwa anagonga mara mbili."

"Ah, wewe!" mama akasema, bado anacheka. "Ulikuwa unacheza peke yako, unaongea peke yako. Nikikuuliza unacheza na nani, unaniambia, 'Na mtoto wa meza.' Tulicheka na baba yako! Tukasema huyu kila akicheza lazima aitaje droo. 'Mtoto wa meza kanishinda. Mtoto wa meza analia, mama, anataka kula.' Tukasema..."

Kicheko cha mama kilipungua, kama redio inayoishiwa betri.

Nilijaribu kuikumbuka sura ya yule niliyecheza naye. Nilikuwa nayo sauti. Nilikuwa nao mkono, mdogo, mwembamba, una maranda kwenye vidole, ukitokea gizani upande wa pili wa ubao. Mdogo kuliko mkono wangu. Miaka yote hiyo nilikuwa na kaka mwenye mkono mdogo kuliko wangu, na sikuwahi kushangaa.

Ko, ko.

"Mbao," mama akasema haraka. "Zinajinyoosha."

Kaka alikuwa anaangalia ubao. "Wewe uliiweka wapi ile ya njano?"

Niliiweka kwenye mraba wa kutokea. Nilikuwa na hakika, niliigongesha hapo kwa hasira. Sasa ilikuwa miraba mitano mbele. Na dadu, ambayo kaka aliiacha kando ya ubao alipoacha kuigeuza, ilikuwa katikati. Ilionyesha tano.

Jumapili ndugu walikuja, wakajaa mpaka uani. Mama alisimama akasema alichotaka kusema, na hakuna aliyempokonya. Nilifurahi, sisemi uongo. Kaka alipewa nyama mpaka akaomba msamaha. Wageni walipoondoka, mama akapakua tena kidogo, chakula cha jioni cha watu wa nyumbani. Akapanga sahani mezani, akakaa.

Sahani zilikuwa nne.

"Ya nani hiyo, mama?"

Akaitazama. Akakunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka alichofuata chumbani. "Sijui," akasema. "Mkono umejaza tu." Lakini hakuirudisha jikoni, na asubuhi ilikuwa tupu. Nikataka kuwasingizia panya, nikashindwa.

Kaka alisema tuuchome ubao. Mama akasema kazi ya mikono ya baba yenu haichomwi. Mimi nikaurudisha kwenye mtoto wa meza, kete zikiwa vile vile zilivyo, maana niliona aibu na hofu kuuharibu mchezo, nikafunga kwa ufunguo. Jumatatu nilifika kazini, nikaukuta ubao juu ya meza, dadu iko upande wangu. Nilijua maana yake. Ilikuwa zamu yangu.

Siku hiyo sikucheza. Nikashika randa, nikajitia kazi. Jioni nilipohesabu vidole vya mkono wangu wa kushoto vilikuwa vyote vitano, namshukuru Mungu, lakini nilikuwa siwezi kutoka chini ya meza. Nieleze vizuri: niliinama kuokota penseli, na nilipotaka kuinuka, ubao wa meza ulikuwa chini zaidi ya nilivyoujua, na miguu yake karibu zaidi. Nilikaa pale nimejikunja, nanusa maranda, mpaka mama akaita kutoka jikoni, "Mziwanda! Njoo ule!" Hapo nikatoka bila shida. Sikumwambia mtu. Ningesema nini, kwamba meza imenikalia?

Kesho yake nikarusha dadu.

Tulicheza kila siku saa nane. Mimi nairusha, nasogeza, nageuka kuchukua kikombe cha maji. Nyuma yangu, ko, ko. Nikigeuka, imeshasogea. Mchana wa kwanza nilimwaga maji yote. Mchana wa nne nilianza kumtania. "Leo una mkono wa dhahabu, bwana. Unalala na dadu?" Wa sita nilimsikia akicheka, kicheko kile kile kidogo, kutoka ndani ya droo. Nikajisikia kama miaka saba. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote ninaloweza kuwaambia: kwamba nilikuwa nimemkumbuka. Nyumba ilikuwa na watu, mimi nilikuwa na mama na kaka sebuleni, na bado saa nane ilikuwa inachelewa.

Alifikisha kete tatu nyumbani. Mimi tatu. Ikabaki moja kwa moja. Ya kwake ilikuwa mbele, ya kwangu nyuma yake miraba minne, na nilipata nne.

Kwenye ludo ukitua juu ya mwenzako umemla. Kete yake inarudi kibandani, anaanza upya. Ningemla, ingemchukua wiki kufika tena, na mimi ningekuwa nyumbani siku mbili tatu zijazo. Nilishika kete yangu. Nikahesabu moja, mbili, tatu.

"Usinile, kaka," sauti ikasema.

Niseme ukweli, katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniita kaka. Nilikuwa Mziwanda tangu tumboni. Na wiki mbili tu nyuma nilikuwa nimesimama hapo hapo, stuli imeanguka, namwambia mtoto wa mama yangu achukue begi lake aondoke. Nilikuwa sina hamu tena ya kumfukuza mtu.

Kete ilikuwa moja tu iliyobaki, sikuwa na nyingine ya kusogeza. Kwa hiyo nikairudisha ilipokuwa, nikasema, "Napita."

Taratibu, ko, ko.

Leo ni hivi. Namba ya kuingia nyumbani lazima itimie kamili. Mimi nilikuwa nahitaji tano, nikarusha, nikapata mbili, ikabaki tatu. Yeye alikuwa anahitaji moja. Na dadu ya baba, kama nilivyowaambia tangu mwanzo, ina moja mara mbili.

Nilikuwa nimeinama chini ya meza kuokota kikombe kilichoanguka. Nilisikia ikigongwa. Nilisikia ikizunguka juu ya kichwa changu, kwenye mbao, muda mrefu. Sikuhitaji kuangalia.

"Moja," akasema kwa ile furaha yake. "Natoka."

Jikoni sahani ziligongana. Mama akaita, "Mziwanda! Njoo ule!"

Nilifungua mdomo niitike. Kumbe nimeshaitikiwa.

"Naam, mama!" Na miguu midogo ikakimbia sakafuni kuelekea jikoni, kisha kwenye kizingiti ikawa si midogo tena, ni mizito, viatu vyangu vya kazi ninavyovijua kwa mlio. Kiti kikavutwa. Nikamsikia mama akisema, "Umejaa vumbi, kanawe," na sauti yangu ikamjibu kwa utani wangu mwenyewe, "Si vumbi mama, ni poda," na mama akacheka.

Huku ndani ya mtoto wa meza si pabaya. Panabana kidogo, pana ubaridi, maranda ni laini. Dadu nimeachiwa. Naigonga mara mbili, polepole, mtu asishtuke. Mama anasema mbao zinajinyoosha. Ila nimesikia kijiko cha kaka kikitulia kwenye sahani. Kaka anasikiliza. Amekutana na mlango uliofungwa miaka kumi na tisa, anajua hali ya mtu anayegonga.

Naomba ainuke. Naomba amkalishe yule aliyekaa kwenye kiti changu, amwekee ubao mbele, ampime kama nilivyompima yeye: kwenye nyumba hii, unatoka na ngapi?

Tatizo ni kwamba wote wawili tutajibu moja.